Utakaa Wapi Arobaini?

Watu wa Kibokoni walijua kwamba Bi Lamis anafanya kazi Kizingo, na walijua kwamba huenda kwa miguu, lakini kazi yenyewe hawakuijua. Muuza mahamri wa pembeni aliamini ni mwalimu. Mzee wa duka la vitambaa alisikia tu kwamba ana kompyuta, akampelekea simu yake iliyoingia maji. Bi Lamis akaizika kwenye mchele siku mbili, simu ikapona, na tangu hapo mtaa ukakubaliana kwamba yeye ni fundi wa simu.

Kila asubuhi alijitanda buibui, akachukua mwavuli wake wa maua, akapita Ngome ya Yesu wakati waongoza wageni bado wanapiga miayo, kisha akaishika barabara yenye miti hadi Kizingo, ambako watu hawatembei. Magari yalimpita vioo vimefungwa. Mabawabu wa majumba makubwa walimwamkia kwa jina, na yeye akawauliza hali za watoto wao kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mwendo ambao mtu mwingine angeumaliza upesi, yeye ulimchukua muda, na kila siku alifika ofisini akiwa na habari mpya.

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba moja ya zamani, yenye feni moja na watu watatu. Hawakuwa wakifanya utafiti wao wenyewe. Walikusanya tafiti za watu wengine, kutoka kila pembe ya dunia, juu ya swali moja, wakazipima na kuzijumlisha ili kupata jibu ambalo utafiti mmoja peke yake hauwezi kulitoa.

Swabra, bintiye wa pekee, aliwahi kumuuliza zamani, alipokuwa bado shuleni: "Mama, wenzangu waniuliza wafanya kazi gani. Niwaambieje?"

Bi Lamis akamjibu kwa swali. "Juzi harusini, pilau ilikuwaje?"

"Chumvi tele."

"Wewe ulikula sinia la mwisho, lililopakuliwa chini ya sufuria. Jirani yetu kala la kwanza, asema chumvi haikukolea. Nani mwongo?"

"Hapana mwongo."

"Basi kazi yangu ni kuwauliza wote waliokula. Aliyekula akashiba, neno lake lina uzito kuliko aliyeonja kwa ncha ya kidole. Nduguye mpishi namsikiza, lakini kwa sikio moja. Na wako wale ambao haikuwapendeza wakaondoka kimya. Hao nawafuata hadi majumbani mwao. Nikiwasikiza waliobaki kusifu peke yao, nitaamini kila pilau ya Mombasa ni tamu."

Swabra alicheka, na shuleni akaenda kusema kwamba mamake anaonja pilau.

Miaka ikapita. Babake Swabra akatangulia mbele ya haki, Swabra akaolewa na Jamaldin, kijana mpole anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, wakapanga nyumba Tudor. Mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa nane, Swabra akafunga mkoba akarudi Kibokoni kwa mamake. Hakuna aliyemwambia arudi, wala aliyeuliza kwa nini. Mtoto wa kwanza huzaliwa mikononi mwa bibi yake, na mama hukaa kwa mamake hadi arobaini iishe. Ndivyo Bi Lamis alivyofanya, na mamake kabla yake.

Kikazaliwa kitoto cha kike, chenye nywele nyingi na hasira nyingi zaidi. Nyumba ikajaa harufu ya udi na mafuta ya nazi. Kabla ya kwenda kazini Bi Lamis alimkanda binti yake kwa maji ya moto, akamfunga tumbo kwa leso, akamwekea uji wa pilipili manga kwenye chupa. Akirudi alinawa mikono, akakitwaa kitoto na kukiimbia.

Jambo moja tu halikwenda sawa. Kitoto kilikuwa hakinyonyi vizuri. Kilishika ziwa, kikaliachia, kikalia hadi kikawa chekundu. Matiti ya Swabra yakavimba na chuchu zikapasuka.

"Mama, chanitafuna."

"Mwanzo huuma, mwanangu. Vumilia. Nami ulinitafuna wewe."

"Basi nimpe maziwa ya kopo hata kwa usiku."

"Kopo! Nyumbani kwangu!" akasema Bi Lamis, akatoka kwenda kuchemsha supu ya kuku, kwa sababu katika nyumba ile kila jambo lilijibiwa kwanza kwa supu.

Ajabu ni kwamba kazi iliyokuwa mezani kwake Kizingo miezi ile ilihusu jambo hilohilo. Kamati moja ya afya iliomba jibu: je, mama aliyejifungua, akitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya katika wiki ya kwanza, hunyonyesha vizuri kuliko asiyetembelewa? Jibu likiwa ndiyo, wahudumu wataendelea kupiga hodi. Likiwa halieleweki, watapangiwa kazi nyingine, na mama watajitafutia wenyewe njia ya kwenda kliniki.

Tafiti zilikuja kwa maelfu. Mzigo huo ulibebwa na programu ya kompyuta, ambayo Beryl, mwenzake wa ofisini, aliibatiza jina la Shangazi, kwa maana programu ile haikusahau kitu na haikumwonea mtu haya. Utafiti mmoja ukiletwa mara mbili, Shangazi aliutambua, kama mwenye shughuli anavyomtambua mgeni aliyekwisha kula akarudi tena amevaa kofia nyingine. Akiona wasomaji wanachagua nini, alijifunza, akawasogezea mbele zinazofanana na hizo. Lakini kuamua hakuamua. Kila utafiti ulisomwa na watu wawili, kila mmoja kwenye kompyuta yake, akaandika "ndani" au "nje" na sababu yake, asijue mwenziwe kaandika nini. Bi Lamis aliipenda sana kanuni hiyo. Aliifananisha na mashahidi wa mwezi wa Ramadhani: kila mtu atazame mbingu kwa macho yake, kisha ndipo waulizane.

Wasomaji walikuwa yeye na Beryl Ogutu, msichana wa Kisumu mwenye kicheko cha kujaza chumba, aliyekuja Mombasa kwa kazi ya mwaka mmoja na sasa alikuwa amekaa miaka saba. Wakitofautiana, mwamuzi alikuwa Chonga Kaingu, mkubwa wao, mtu wa Kaloleni, aliyeongea polepole na kula machungwa huku akiamua.

Asubuhi moja Chonga aliwaita. "Njooni. Shangazi amewagombanisha."

Ulikuwa utafiti mdogo, wa pekee uliofanywa hapa pwani. Watafiti waliwagawa mama katika makundi mawili, kundi moja likapangiwa kutembelewa na jingine halikupangiwa. Mwezi ulipokwisha wakaenda kupiga hodi nyumba kwa nyumba wajue nani bado ananyonyesha. Theluthi ya mama hawakupatikana.

Kwenye kioo cha kompyuta majibu mawili yalikaa ubavu kwa ubavu. Bi Lamis: nje, waliopotea ni wengi mno. Beryl: ndani, lakini nina swali.

"Swali gani?" akauliza Chonga.

"Dada Lamis, hawa mama walienda wapi?"

"Hawakupatikana. Imeandikwa."

"Nimeona imeandikwa. Nauliza walienda wapi. Theluthi nzima! Mtu ana mtoto wa wiki nne, hata sokoni haendi. Wameliwa na papa?"

"Watu huhama, Beryl. Hutoa namba za simu za uongo. Hukataa. Na utafiti uliopoteza watu kiasi hicho ni ndoo yenye tundu. Utatekaje maji nayo?"

"Mimi sisemi haina tundu. Nasema tutazame tundu liko wapi."

"Nimefanya kazi hii kabla hujamaliza shule, mwanangu."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimeandika swali, sikuandika matusi."

Chonga alicheka hadi akapaliwa na chungwa. Kisha akasema kanuni ni kanuni: kila mtu arudi akasome tena, wakutane kesho. Bi Lamis alirudi mezani na kusoma, na bado hakuona la kumbadilisha. Bila utafiti ule jibu lingetolewa kwa sauti za watu wa mbali, na yeye mwenyewe lilimsikitisha hilo. Lakini hakuwa mtu wa kupendelea pilau ya kwao kwa kuwa ni ya kwao.

Jioni aliwakuta Swabra na kitoto wote wanalia, kila mmoja kwa sauti yake. Akakitwaa kitoto. Kilikuwa chepesi. Alikipima mkononi kama afanyavyo kila siku, na moyo ukamwambia kwamba hakijaongeza kitu tangu juzi.

Jamaldin akaingia na mfuko wa machungwa na madafu, akavua viatu mlangoni, akabusu mkono wa mkwewe. "Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu, keti."

Akaketi kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyekuja kuposa mara ya pili. Alipomaliza kumtazama mkewe na mwanawe kwa zamu, akakumbuka. "Ah, kuna mama mmoja wa afya amekuja Tudor kumuuliza Swabra. Mara mbili sasa. Mimi niko kazini, amemkuta jirani. Kaambiwa hayuko."

"Akasemaje?" akauliza Swabra.

"Hakusema. Kaandika kwenye simu yake, akaenda zake."

"Kaandika nini?"

"Nitajuaje? Hakupatikana, labda."

Bi Lamis alikuwa amesimama, kitoto begani. Aligeuka polepole.

"Sema tena."

"Nini, mama?"

"Hilo neno la mwisho."

"Hakupatikana," akasema Jamaldin, akiwa na wasiwasi kwamba ametukana bila kujua.

Bi Lamis akakaa chini, juu ya nguo zilizotoka kuanuliwa. Akamtazama binti yake: kitandani kwake mwenyewe, nyumbani kwa mamake, amefungwa leso, nywele timtim, yupo kabisa, hakuna mtu duniani aliyepatikana kuliko yeye. Na Tudor ameandikwa kwamba amepotea.

Akaanza kucheka. Kicheko kikamjia na machozi, kitoto kikanyamaza kwa mshangao.

"Mama, una nini?"

"Nimewatupa," akasema. "Mama theluthi nzima. Nimeandika wamepotea, nikawatupa nje, na wote wako kwa mama zao wanakunywa uji."

Ikabidi awaeleze. Swabra alisikiliza huku akijifuta macho, na alipoelewa hakumwonea mamake huruma hata kidogo. "Si wewe uliyeniambia wale walioondoka kimya wawafuata hadi majumbani mwao?"

"Ndimi."

"Basi hukuwa na haja ya kwenda mbali. Mmoja wao yuko nyumbani mwako."

Jamaldin akajikohoza ili asicheke mbele ya mkwewe. Kisogo cha mtu hukiona wengine, yeye mwenyewe hakioni. Beryl aliuliza kwa sababu kwao mke akizaa hubaki kwa mumewe, na mtu akikosekana nyumbani kwake ni jambo la kuulizwa. Bi Lamis hakuuliza, kwa kuwa ada ile ilikuwa karibu naye kama pumzi, na nani huzikagua pumzi zake?

Asubuhi alitembea hadi Kizingo bila kuuliza hali ya mtoto wa mtu yeyote. Mabawabu walitazamana. Alipofika hakuvua hata buibui.

"Bwana Chonga, kura yangu usiihesabu."

"Umebadilisha?"

"Nataka kubadilisha, na hapo ndipo penye shaka. Binti yangu ni mmoja wa hao mama. Si wa utafiti ule, lakini ni yuleyule." Akawasimulia yote, hadi uji. "Jana niliwatoa kwa kutojua. Leo nikiwaingiza, nitakuwa nimewaingiza kwa uchungu wa mwana. Sitaki moja wala jingine. Mimi leo ni nduguye mpishi."

Kicheko cha Beryl kilitarajiwa lakini hakikuja. Alikuja yeye mwenyewe, akamkumbatia, buibui na mwavuli vyote pamoja. "Dada, swali langu lilikuwa dogo tu."

"Lilikuwa dogo kama mwiba. Pole kwa lile neno la shule."

"Ni kweli nilikuwa bado shuleni, wala hukunikosea."

Chonga aliweka chungwa chini, jambo alilolifanya mara chache. "Hatuna haja ya kura. Tuna haja ya simu. Mwenye utafiti si bado yuko mjini?"

Alikuwepo. Daktari Taib alistaafu akawa anafundisha vijana, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyengoja miaka aulizwe. "Walio wengi kati ya waliopotea walikuwa wa uzazi wa kwanza," alisema. "Tuligundua tumechelewa. Lakini hatukuwaacha. Waliporudi kwa waume zao tuliwangoja kliniki siku za chanjo, tukawauliza yote. Majibu ninayo. Jarida lilitutaka tufupishe, tukakata hapo."

"Mbona hukukata kwingine?" akauliza Bi Lamis.

"Mama, ningekujua wakati ule, ningekuuliza."

Hesabu zilikuja, na safari hii Beryl ndiye aliyeziingiza, Chonga akazikagua. Bi Lamis alikaa pembeni na mikono mapajani, kama bibi harusi. Shangazi akachora mchoro wake: kila utafiti mstari wake, na katikati ya mstari kisanduku, kikubwa kwa utafiti mzito na kidogo kwa mwepesi, na chini kabisa almasi, ambayo ni neno la wote kwa pamoja. Almasi ilikaa upande wa ndiyo. Mama wanaotembelewa hunyonyesha vizuri zaidi.

Lakini kisanduku cha pwani kilipogawanywa kikasema jambo lake. Mama wa mtoto wa pili na wa tatu walifaidika waziwazi. Wa mtoto wa kwanza, waliopangiwa kutembelewa na wasiopangiwa, walikuwa sawasawa. Beryl alipoliona, akapiga paja.

"Haikuwasaidia, kwa sababu haikuwafikia! Mhudumu alipiga hodi kwa mume, mama yuko kwa mamake. Wale wanaohitaji zaidi ndio wenye mlango usiojulikana."

"Basi tuandike hivyo," akasema Chonga, akalirudia chungwa lake. "Wahudumu waendelee. Na kliniki, kabla mama hajajifungua, aulizwe swali moja zaidi. Lisemeje?"

Wote wawili wakamgeukia Bi Lamis. Kura hakuwa nayo, lakini lugha alikuwa nayo.

"Utakaa wapi arobaini?" akasema.

Hakungoja kamati. Jioni ileile alimwambia Jamaldin atafute namba ya yule mama wa afya, na kesho yake hodi ikapigwa Kibokoni. Aliingia mwanamke mfupi, mnene, mwenye mkoba mgongoni na jasho usoni, aliyezipanda ngazi zile za mji wa kale kama anayezidai.

"Mimi Mwikali. Ndiye huyu? Swabra! Nimekutafuta kama hela iliyoanguka! Nimepiga mlango Tudor hadi jirani akanipa maji kwa huruma."

"Nilikuwa hapa," akasema Swabra kwa aibu.

"Naona uko hapa. Mbona hakuna mtu aliniambia? Nyinyi watu wa pwani mnaficha wazazi kama dhahabu." Akanawa, akakitwaa kitoto, akakipima, akatikisa kichwa kidogo bila kumtisha mtu. "Haya, nionyeshe unavyomnyonyesha."

Alitazama. Kisha akamwinua Swabra, akamwekea mto mgongoni, akakigeuza kitoto tumbo kwa tumbo na mamake, akangoja kifungue kinywa wazi kama cha ndege, ndipo akakisogeza ghafla. Kitoto kikashika. Swabra alikunja uso akitarajia maumivu, akangoja, kisha uso ukakunjuka wenyewe.

"Haiumi," akanong'ona.

"Haifai kuuma. Alikuwa anashika chuchu peke yake, kama anashika ncha ya embe. Lazima ajaze mdomo."

Bi Lamis alisimama mlangoni na bakuli la supu. Siku zote hizi alikuwa akisema vumilia. Mwikali alimwona, akasoma uso ule, kwa maana ameingia nyumba nyingi.

"Bibi, na wewe kaa. Supu yako ni ya lazima, ndiyo inampa nguvu. Lakini supu haijui kuweka mtoto kwenye titi."

"Nipe mahali hapo nione," akasema Bi Lamis, akainama kutazama, miwani ikimshuka puani, kama mtu anayesoma utafiti mpya. "Tena. Mtoe umweke tena, nataka kuona mkono wako unavyokwenda."

"Umtoe! Ndiyo kwanza ameshika!" wakasema Swabra na Mwikali kwa pamoja.

Mwikali akarudi mara kadhaa. Kitoto kikaanza kunenepa mashavu, kisha mapaja, kikapata mikunjo mikononi. Hasira hakikupoteza. Ripoti ikaenda kwa kamati na ile sentensi ndani yake, na kliniki moja, kisha nyingine, zikaanza kuuliza swali lile bila kungoja amri ya mtu.

Arobaini ikaisha. Swabra akaogeshwa, akafukizwa udi, akavishwa leso mpya, na Jamaldin akaja kuwachukua akiwa amenyoa. Nyumba ya Kibokoni ikawa kubwa ghafla. Bi Lamis alichemsha supu kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hakuna mzazi.

Kesho yake, siku ya mapumziko, hodi ikapigwa. Alifungua akamwona Mwikali, jasho usoni, mkoba mgongoni.

"Mzazi wangu yuko wapi? Nimeleta mizani."

"Amerudi Tudor. Jana."

Mwikali akaegemea ukuta. Akamtazama Bi Lamis, Bi Lamis akamtazama yeye, na kicheko kikawashika pale juu ya ngazi hadi jirani wa chini akafungua dirisha.

"Nimezoea huku!" akasema Mwikali akijifuta macho. "Sasa niandike nini? Hakupatikana?"

"Andika yuko kwa mumewe," akasema Bi Lamis, akimvuta ndani kwa mkono. "Lakini andika ukishakula. Nina supu ya watu wawili, na mmoja amepatikana."